Kitabu Kilisema Toa Kichwa

Mimi ni fundi wa kushona. Nafundisha wasichana kukata na kushona hapa Kabondo, na kwa miaka yote wamesikia kwangu neno moja: fuata patroni, ile karatasi ya vipimo. Usikisie. Jicho linadanganya, lakini utepe wa kupimia haudanganyi. Wasichana wananiita Mama Sentimita nikiwapa mgongo, na mimi najifanya sijui.

Jikoni, hata hivyo, nilikuwa nakisia kama wanawake wote. Nilipika kama mama yangu, ambaye wazazi wake walitoka Maniema: chumvi kwa vidole, maji kwa macho, na ukiuliza kiasi gani unaambiwa, "Utaona mwenyewe." Kisha mteja wangu mmoja akahamia Kinshasa. Alipokuja kuchukua gauni lake la mwisho, aliniachia sanduku la vitu ambavyo hakutaka kubeba, na chini ya vikombe na kioo kulikuwa na kitabu cha mapishi cha Kifaransa, jalada lake limeng'oka. Ukurasa wa kwanza uliahidi mapishi mepesi ya kila siku. Nikafungua ndani nikakuta gramu, mililita, dakika. Nilifurahi kweli kweli. Nikajisemea, kumbe na chakula kina patroni yake.

Nilianza na keki. Sina tanuri, nina mbabula ya makaa, basi nikatia mchanga katika sufuria kubwa, nikaweka sufuria ndogo ndani yake, nikarundika makaa juu ya kifuniko. Kwa unga nilimwomba muuza unga wa sokoni aniuzie moja ya makopo yake ya kupimia, maana aliniambia kopo moja ni gramu kadhaa, na mimi hesabu naiweza. Mililita nilipima kwa chupa ya zamani ya maziwa ya binti yangu, yenye alama ubavuni. Binti huyo sasa ni mwanafunzi wa sekondari na aliniona nimeinua chupa yake ya utotoni mbele ya dirisha, jicho moja nimefumba. Alikwenda kucheka nje.

Keki ilitoka ni uji. Ya pili pia uji. Mara ya tatu nilishikwa na hasira nikatupa kopo chini, likabingirika, na hapo ndipo nilipoona kitako chake. Kilikuwa kimepigwa nyundo kuelekea ndani mpaka kikafanya kilima. Kopo lile lilikuwa la kuuzia, halikuwa la kupimia, na mimi, Mama Sentimita, nililinunua kwa hiari yangu na kulipeleka nyumbani. Nikalinyoosha kwa mwiko, nikapima upya, na keki ya nne ikainuka. Tuliila ikiwa moto. Tangu siku hiyo nikaamini kwamba kitabu hakikosei, anayekosea ni mtu au kopo.

Imani hiyo ndiyo iliyokaribia kuniharibia nyumba.

Mwaka huo mama mkwe wangu alifariki huko Yanonge, mto unakoshukia, na baada ya matanga mume wangu akamleta baba yake kwetu. Mzee alifika na begi moja la turubai, nyavu mbili na kasia. Kasia aliliegemeza nyuma ya mlango wa sebule, begi akalitundika kwenye msumari katika chumba chake, na hakulifungua lote. Nguo alizohitaji alizitoa moja moja, akizifua anazirudisha humo humo.

"Nitabakia mpaka mayi ipande," alituambia jioni ya kwanza. "Mayi ikipanda, nitarudia kwangu."

Maji ya mto yalikuwa machache wakati huo, michanga ya katikati imejitokeza kama visiwa, na safari za kushuka zilikuwa ndefu. Tulikuwa na miezi kama mitatu kabla hayajapanda. Mume wangu ni mtumishi wa serikali na kazi yake iko Banalia. Anakuja mara mbili kwa mwezi, barabara ikikubali. Siku ya kuondoka alinivuta pembeni, karibu na pikipiki.

"Mama, nakuachia papa," alisema. "Usimuache arudie Yanonge. Kule mama hayiko tena. Nani atamupikia?"

Nilimjibu asiwe na wasiwasi. Nina kitabu.

Nilimpenda mzee yule, niseme wazi. Hakuwa na maneno mengi wala makuu. Alikaa kwenye baraza langu akitengeneza nyavu ambazo hakuna aliyekuwa anavua nazo, na uzi ukimwishia alichukua wangu wa nailoni bila kuuliza, kisha akanifundisha fundo ambalo mimi fundi sikulijua. Alitazama mishono yangu akasema inafaa, lakini samaki angetoka. Aliniita mama, nami nilimwita papa, na kwa yote mengine tulielewana. Isipokuwa mezani.

Mezani hakula. Nilimpikia kutoka kitabuni kila siku kama mtu anayefanya mtihani. Meno yake yalikuwa yamebaki machache, na kitabu changu kilijaa vyakula laini, basi nikaona Mungu ametupanga vizuri. Supu ya karoti iliyopondwa. Kimanda. Viazi vya kusagwa na maziwa ya unga. Mkate wa maji niliomkaangia kwa ndizi, mwembamba kama kitambaa cha bitana. Nilimtandikia uma upande wa kushoto kama kwenye picha. Mzee alionja vijiko viwili au vitatu, akaweka uma chini taratibu, akasema, "Asante, mama. Nimekula." Na binti yangu akamalizia sahani.

Samaki nilimpa pia, tena mara nyingi, kwa kuwa ni mtu wa mto. Kitabu kilisema: mwombe muuza samaki wako atoe kichwa na miiba. Basi kila Jumamosi nilipanda toleka, baiskeli ya abiria, mpaka ufukweni, kule pirogi, mitumbwi ya Lubunga, zinapotia nanga, na nilimwomba mama mmoja wa Isangi anayeuza pale afanye hivyo hivyo. Mara ya kwanza aliniangalia kwa muda.

"Kichwa nitoe?" aliuliza.

"Toa. Na miiba yote."

Alitoa. Alikuwa na kisu kizuri na mkono mwepesi. Kichwa alikiweka katika beseni lake mwenyewe, na mimi nikaona nimepata muuzaji mwenye adabu, kama wale wa kitabuni.

Siku moja nilifunga minofu katika karatasi ya alumini, kila mtu kipande chake, na limau na kitunguu ndani. Nilikuwa nimeitafuta karatasi hiyo mjini mchana kutwa. Nikaweka kifurushi kinachong'aa mbele ya mzee. Alikifungua kwa vidole viwili, akachungulia.

"Hii iko liboke," alisema.

"Papa, inaitwa papillote."

"Iko liboke. Majani iko wapi?"

Binti yangu alicheka mpaka maji yakampalia, na mzee naye akatabasamu, na mimi nikacheka kwa shida, kwa maana alikuwa na haki. Nilikuwa nimesoma kurasa mbili za Kifaransa ili nijifunze kitu ambacho bibi yeyote wa mto anakifanya kwa majani ya porini huku akiongea na jirani. Lakini hata siku hiyo ya kicheko alikula vipande vitatu tu. "Asante, mama. Nimekula."

Alikuwa anakonda. Wengine wanapima kwa jicho. Mimi nina njia yangu. Mwezi wa kwanza aliniletea suruali yake ya kijivu nikaipunguza kiunoni sentimita mbili. Mwezi wa pili akairudisha, nikapunguza tatu. Nilishona nikiwa na uchungu. Mume wangu alipokuja alimtazama baba yake, kisha akanitazama mimi, na macho yale yaliniuma zaidi kuliko kelele. Nilimpigia kelele mimi. Nilimwambia apike yeye basi, aone kama si kazi.

Kulikuwa na siku ya kuku pia, nami lazima niiseme kwa sababu nilinuna. Kwetu, heshima ya baba iko kwenye firigisi. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba, na mwanamke anayeipeleka kwa mwingine atasemwa mpaka kwa shangazi zake. Kitabu kilitaka niikate vipande vidogo niitie kwenye mchuzi, nikakataa. Hiyo ndiyo siku pekee niliyokiasi kitabu. Niliiweka nzima kwenye sahani ya mzee, katikati, juu ya wali. Akaichukua, akaigeuza, akampa binti yangu kama anayempa pipi. Nilinuna siku mbili. Nikajiambia mtu huyu hanitaki, wala nyumba yangu haitaki, amekaa hapa kwa ajili ya mwanawe tu.

Maji yakaanza kupanda. Mvua zilinyesha juu huko, michanga ikazama mmoja mmoja, na mzee akawa anatoka asubuhi na kurudi mchana bila kusema alikuwa wapi. Nyavu alizimaliza, akazikunja.

Jumamosi moja niko ufukweni kama kawaida, nimechagua samaki kapiteni wa kadiri, nikasema kama kawaida, toa kichwa. Yule mama wa Isangi alishika kisu, hakukata.

"Bon, mama, leo nitakuuliza," alisema. "Miezi hii yote unaniachiaka bichwa. Miye nafurahi, batoto yangu bananona. Lakini ule papa mokilo wako, baba ya bwana yako, anakulaka nini?"

"Anakula mnofu. Hana meno."

"Kichwa haiombe meno. Kichwa wananyonyaka." Aliweka kisu chini kabisa. "Alikuya hapa, akasema anakaa kwa mama fundi wa Kabondo. Alitafuta baleinière, mashua ya kushuka Yanonge, amepata. Anaenda jeudi."

Alhamisi: siku tano tu. Nikamuuliza kama mzee alisema kwa nini, na nilivyouliza nilikuwa tayari nimeshakasirika, nikitegemea kusikia nimesemwa vibaya.

"Nilimuuliza kama munamuchunga mubaya. Akasema hapana, munamuchunga muzuri, bokilo yake, muke ya mwana yake, iko na roho muzuri. Akasema tu, miezi tatu hayaona kichwa ya samaki. Mukia, katikati, bila hata mufupa. Njo vile wanalishaka mutoto, mama. Ao mugeni mwenye atapita."

Nilisimama pale na kapu mkononi, na kila kitu kikajipanga chenyewe. Kwetu kichwa cha samaki kilikuwa cha watoto, tunagombania kwenye mchuzi, hakina cheo. Kwao ni cha mkubwa wa nyumba. Kikiwekwa mbele yako, hakuna haja ya hotuba. Nyumba imekujua wewe ni nani. Mume wangu, miaka yote ya ndoa yetu, hula kichwa cha mpiodi, wale samaki wa friza, kabla ya kitu kingine chochote, na mimi nilikuwa namtania kwamba ni mlafi. Alikuwa anajiona baba wa nyumba, maskini, na mimi nacheka. Tulipokwenda Yanonge aliyepika alikuwa mama mkwe, sikuangalia nani kapewa nini. Na mzee alipompa mjukuu wake firigisi, alimpa kipande cha nyama, hakujua ametoa heshima ya mtu. Tulikuwa tumetukanana kwa upendo mtupu, mwezi hadi mwezi, kila mmoja akisema asante.

Asiyeuliza hana ajifunzalo, na mimi sikuwahi kuuliza, kwa sababu kitabu kilinijibu.

"Niondolee huyu kapiteni," nilimwambia yule mama. "Nipe ngolo. Mkubwa. Usimguse kichwa."

Ngolo, kambare wa mto, kichwa chake ni kipana kama kiganja cha mwanaume, na ndevu zake zinaning'inia. Hakuingia kwenye kapu vizuri. Nilirudi Kabondo juu ya toleka nimemkumbatia, na mwendesha baiskeli akaniuliza kama huyo naye ni abiria. Nilinunua majani njiani. Nyumbani nilimsafisha mwenyewe. Kitabu sikukitupa, mimi si mtu wa kutupa patroni kwa sababu ya mshono mmoja mbaya. Nilifuata limau lake na kitunguu chake na dakika zake, lakini nilimfunga ngolo katika majani, mzima, kichwa na mkia, nikamlaza juu ya makaa. Pembeni nikaponda ndizi, lituma kama wanavyoipenda watu wa hapa.

Nilifungua majani mezani. Nikakata kichwa pamoja na shingo yake nene, nikakiweka kwenye sahani ya mzee, uso ukimtazama. Niliirekebisha sahani mara mbili, nakiri. Watu wanasema kupika ni kazi ndogo.

"Papa," nilisema. "Kichwa yako."

Alikitazama. Alitazama uma pia, akausogeza mpaka ukafika kwangu. Kisha akamwambia mjukuu wake amletee maji, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko kama mtu anayeanza kazi. Alikifungua kile kichwa kwa vidole gumba viwili. Alikula polepole, kwa sauti, akinyonya kila pango na kila mfupa, na mifupa akaipanga ukingoni mwa sahani, mikubwa kwa midogo. Alikula lituma yote akaongezewa.

Katikati ya kula alitoa kile kimnofu cha shavuni, cheupe, laini, kidogo kama tonge la mtoto. Akanyoosha mkono akakiweka kwenye sahani yangu.

"Hii ilikuwaka ya mama yenu," alisema.

Nililia. Sina sababu ya kuficha. Nilikila nikilia, na kilikuwa kitamu kupita kitu chochote nilichowahi kupika kwa gramu.

"Papa, kwa nini haukusema?" nilimuuliza nilipoweza.

"Kichwa mutu haombake, mama," alijibu. "Wanamupatiaka."

Juu ya safari hakusema neno, na mimi niliogopa kuuliza. Jumapili ikapita, Jumatatu, Jumanne. Alhamisi ilifika, na nilikuwa na darasa la asubuhi. Niliwafundisha wasichana kola, nikaikata kola yangu mwenyewe upande, wakatazamana. Saa sita nilirudi karibu nikikimbia. Kasia halikuwepo nyuma ya mlango. Niliingia chumbani kwake: msumari mtupu. Nilikaa kitandani kwake, nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia mume wangu kwenye simu.

Kisha nikasikia mlango wa nyuma. Mzee aliingia na begi la turubai begani, likidondosha maji, na mkia wa samaki ukitokeza juu.

"Ule mama anakuuziaka samaki ya jana," alisema. "Nimeenda kuchagua mwenyewe."

Nilimuuliza kasia liko wapi.

"Nimetumia kijana wa baleinière, apelekee mudogo wangu. Yeye iko na pirogi. Miye hapa, niko nalo kazi gani?"

Nguo zake, nilizikuta baadaye, zilikuwa zimekunjwa ndani ya kabati ambalo miezi mitatu lilikaa wazi bila kitu. Begi likawa la samaki, na halijawahi kunuka vizuri tena.

Tangu hapo tunapika wawili. Mimi nasoma, yeye anapinga. Kuna mapishi ya kitabuni aliyoyakubali, ule mkate mwembamba wa ndizi kwa mfano, anaoula saa kumi kwenye baraza baada ya kuhakikisha hakuna mwenzake anayepita. Kuku akichinjwa, firigisi ananipa mimi. Nimemweleza maana yake, akafikiri, akasema basi mwenye nyumba ni mwenye kupika. Na kwenye ukurasa wa samaki, pale kinaposema mwombe muuza samaki wako, nimepiga mstari kwa kalamu nikaandika pembeni: Hapana.

Wiki chache zilizopita aliniletea ile suruali ya kijivu. Alisimama mlangoni mwa chumba changu cha kushonea, ameishika kwa mikono miwili, kama ana aibu kidogo.

"Inanifinya hapa," alisema, akionyesha kiuno.

Niliigeuza ndani nje. Nilipoipunguza mara zile mbili, fundi mwingine angekata kitambaa cha ziada ili mshono ulale vizuri. Ndivyo ninavyowafundisha wasichana. Mimi sikukata. Nilikikunja ndani, kushoto na kulia, nikakishika kwa mishono mirefu, ile ya kufumuliwa kwa dakika moja, na wakati ule sikutaka kujiambia kwa nini. Nikachukua wembe, nikafumua. Sentimita tano zote zilikuwa humo.

Alivaa nyuma ya pazia akatoka, nikapiga magoti na pini mdomoni kupima kiuno chake, nikakaza utepe juu ya kitambaa, sawasawa kama ninavyotaka kila kitu kiwe.

"Usikaze sana, mama," alisema juu ya kichwa changu. "Mayi ikishuka, ngolo itakuwa mingi."